Kuka Isiyo na Plagi

Miaka ile ya mkataba wa amani nilikuwa meneja wa nyumba ya wageni upande wa Nyakuron, Juba. Stima yetu ilitoka kwa jenereta yenye kiburi, inazima ikitaka na kuwaka ikitaka. Ndiyo maana mpishi wetu, mama mmoja wa mtaa wa Gumbo, ng'ambo ya mto, aliyejifunza Kiswahili ukimbizini Uganda, alikuwa na desturi yake. Kabla ya kusafisha kuka, jiko letu la stima, alichomoa plagi na kuilaza juu ya kuka aione. Vitufe hakuvigusa. Kwake, kuzima ni kuchomoa.

Lakini kuka ile ilivuta stima nyingi kuliko uwezo wa soketi. Plagi ikaanza kuyeyuka, jikoni kukanuka mpira ulioungua. Fundi niliyemwita alisema mzigo kama huo haufai plagi. Akaikata, akavuta waya mnene moja kwa moja hadi kwenye swichi kubwa nyuma ya mlango, akaiacha imewashwa. Kazi safi kabisa, na nilijisifu kwa tajiri wetu. Mama alikuwa sokoni, nikasema nitamweleza akirudi. Alirudi, wageni wakaingia, nikasahau. Mimi huyo, bingwa wa kukemea wenzangu kwa uzembe!

Kesho yake jenereta ilizima maharagwe yakiwa motoni. Mama akaipua sufuria, akatafuta plagi asiione. Jenereta imelala, akaona yatosha. Akasubiri kuka ipoe, kisha akapiga magoti kusugua oveni. Jenereta za majirani zilinguruma kila upande, hakuna aliyesikia yetu ikirudi. Alipotaka kuinuka, alijishikiza kwa kiganja juu ya kuka.

Yowe lile sijalisahau. Nilimmwagia maji mkononi, na yeye ndiye aliyeniomba radhi.

"Malesh, ustaz. Mimi naharibu kazi."

Nilitamani anitukane. Nilikwenda kwa tajiri saa ile ile, nikamwambia kosa ni langu, sikumwonyesha mama swichi. Akanipiga begani kirafiki.

"Ajali haina kinga, bwana. Lakini tafuta mpishi mwingine leo. Wageni hawali pole."

Nikatafuta, nikapata. Huyo mpya nilimwonyesha swichi kabla hajatua mkoba wake.

Jumapili nilivuka daraja kwenda Gumbo na dawa ya kupaka na sukari. Mkono ulikuwa umefungwa bandeji hadi kifundo, binti yake ndiye aliyemimina chai. Nikamweleza mama habari ya swichi, nikamwambia nilipaswa kumweleza mapema. Alisikiliza, akatikisa kichwa, akanisukumia kikombe.

"Wewe usisikie vibaya, ustaz. Mkono ikipona tu, mimi narudi. Wewe nawekea mimi kazi yangu, sawa?"

Nilikunywa chai yote, ya moto hivyo hivyo, nikamwambia apone haraka.