Fulana ya Mabingwa Niliyompa Mwalimu

Masikio yananiwaka hata ninapoandika haya. Mwalimu wetu wa hesabu, Mmarekani, alifiwa na baba yake, mzee aliyeshabikia timu moja tu ya futiboli ya Kimarekani tangu utotoni. Mimi hata nikitaka kumwambia mtu pole, mdomo hunikauka. Basi nikaiona fulana ya timu ileile kwenye mitumba ya mama hapa Fordsburg, imeandikwa mabingwa na mwaka wa fainali.

"Mpelekee, mwanangu, itamfariji," mama akasema.

Nikaipiga pasi, nikamkabidhi mbele ya darasa zima. Akaisoma, akakaa kitini.

"Fainali hiyo tulishindwa," akasema. "Fulana za ubingwa za timu zote mbili huchapwa kabla ya mechi. Za walioshindwa huletwa Afrika."

"Eish," mtu akanong'ona nyuma yangu.

"Baba aliungoja ubingwa maisha yake yote. Amekufa hajauona," mwalimu akaongeza.