Afande Hezroni na Vita vya Mkewe

Kwa zaidi ya miaka arobaini vita vya Kagera vilipiganwa upya kila Jumapili pale Bombo, kwenye kibaraza cha duka, watu wakishatoka kanisani. Aliyevipigana alikuwa Hezroni, mkulima wa tangawizi, mtu mwembamba mwenye sauti nene, ambaye kijiji kizima kilimwita Afande. Aliyevipigana mara ya kwanza, kule kule Kagera, alikuwa mkewe Devotha. Lakini saa kama hizo Devotha alikuwa nyumbani akikoroga makande, kwa hiyo hakuna aliyemuuliza.

Mambo yalianza kwa nia njema kabisa. Devotha aliingia jeshini akiwa binti aliyemaliza shule juzi tu. Akafundishwa mawasiliano, na vita vilipozuka akapelekwa mpakani na redio yake. Vilipokwisha aliacha jeshi, akakutana na Hezroni huko Korogwe alikokuwa kibarua wa mkonge, wakapendana. Shida ilikuwa mama yake Hezroni. Bibi yule alikwisha kutangaza mlima mzima kwamba hampokei mkwe aliyezoea mjini. Aliyezoea kambini je? Basi wakakubaliana waseme Devotha alikuwa karani wa shamba.

Harusi haijapoa, mama mkwe akafungua sanduku la bibi harusi kutafuta shuka, akaibuka na buti za jeshi.

"Na hizi?"

"Zangu," alisema Hezroni kabla mkewe hajafumbua mdomo. "Sikutaka kukutia hofu, mama. Nilikuwa vitani."

Mama aliziangalia buti, kisha akaiangalia miguu ya mwanawe, ambayo tangu utotoni ilikuwa mirefu kama majembe.

"Mbona ndogo hivi?"

"Vitani, mama, huchagui namba."

Bibi alilia, akachinja jogoo, akaita majirani. Tangu siku ile Hezroni akawa askari.

Askari lazima awe na habari za kusimulia, na Hezroni hakuwa nazo. Alizichukua kwa mkewe. Miaka ile ya mwanzo Devotha alikuwa akikatikiwa na usingizi, na ili autafute tena alimsimulia mumewe mambo ya kule kidogo kidogo: mvua, matope, handaki lililojaa maji mpaka magotini. Jumapili ikifika, handaki lilikuwa limekuwa mto. Mwaka uliofuata mto ukapata mamba. Baadaye Hezroni akauvuka kwa kuogelea, bunduki ameing'ata kwa meno, risasi zinamnyeshea. Devotha alizipata habari hizo kwa majirani waliokuja kumpongeza kwa kuolewa na mwanamume.

Hakukasirika, au tuseme hakukasirika kila mara. Vita vile vilimchosha, na kama kulikuwa na mtu aliyependa kuvibeba, avibebe. Kilichomchoma ni Siku ya Mashujaa. Kila mwaka, kwenye baridi ya Julai, Hezroni aliwekewa kiti cha mbele pale uwanja wa shule, na Devotha aliombwa asaidie kuwamiminia mashujaa chai.

Mama mkwe aliishi akazeeka sana. Alifariki akijivunia mwanawe askari. Msiba haujasahaulika, Asheri, mwenyekiti wa kijiji, akaja mbio mpaka uani kwao, uso unang'aa.

"Shikamoo, Baba Anderson. Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mzee wangu, mambo yako yameiva. Wanajeshi wote wastaafu wanaitwa Same mjini, wanahakikiwa, wanapewa vitambulisho. Nimeshapanga gari. Nitakusindikiza mwenyewe."

Hezroni alishika kiuno. Alisema kiuno hicho hakimruhusu hata kufika barabarani. Asheri akamwambia atabebwa. Hezroni akasema yeye alipigania nchi, hakupigania kadi. Asheri akaguswa sana na maneno hayo, akasema ndiyo maana hasa kijiji hakitakubali akose.

Devotha alikuwa pembeni akipukuchua maharage. Aliinua kichwa.

"Tutakwenda," alisema. "Sote watatu."

Hezroni alimtazama kwa shukrani. Alidhani mkewe amekuja kumwokoa.

Njia nzima, kuteremka mpaka Gonja na kupita Kisiwani, Asheri alizungumza peke yake. Hezroni alikuwa kama mtu anayepelekwa kung'olewa jino. Devotha alishikilia mkoba wake magotini. Hakuwa amepanga kumwaibisha mtu. Lile neno walilopeana lilikuwa kwa ajili ya mama mkwe, na mama mkwe alikwisha kupumzika. Alichotaka ni kuona kama huko jeshini bado wanamkumbuka.

Ofisini walimkuta sajenti mmoja, Chande, kijana mpole aliyenyanyuka kumpa Hezroni kiti.

"Shikamoo, mzee. Pole na safari. Naomba namba yako ya jeshi."

Hezroni alifungua mdomo. Mdomo uliovuka mto wa mamba Jumapili zote zile ulibaki wazi, haukutoa kitu.

Devotha akaitaja namba. Aliitaja yote, herufi na tarakimu, bila kukwama, na alipoanza kuitaja alijikuta amesimama wima, mikono imebana mapajani.

"Ahsante, mama," alisema Chande akitabasamu, "lakini mwache mzee ajibu mwenyewe. Ndiyo utaratibu."

"Anajibu mwenyewe," alisema Devotha.

Akatoa cheti chake cha kumaliza utumishi, akakiweka mezani. Chande akakisoma. Akamtazama Hezroni, akamtazama Devotha, akakisoma tena. Kisha akasukuma kiti nyuma, akabana miguu, akampigia saluti mama mwenye kitenge na kandambili.

Asheri, aliyekuwa mlangoni akitengeneza simu ampige picha Afande, aliiteremsha taratibu.

Wakampiga Devotha picha, wakachukua alama za vidole. Kitambulisho kilipotoka alikigeuza huku na huku.

"Kinasaidia nini, mwanangu?"

"Kinakutambulisha, mama."

"Kwa nani?"

"Kwa yeyote asiyekufahamu."

"Kwetu wananifahamu wote."

"Basi huko," alisema Chande kwa heshima, "hutakihitaji sana."

Kurudi, gari likaanza kupanda mlima. Hapo uvumilivu ukamshinda Asheri.

"Lakini, mzee, ule mto. Uliuvukaje?"

Hezroni alikuwa akitazama nje. "Niliuvukia kitandani," alisema. "Nikisimuliwa."

Devotha alijizuia asicheke, akashindwa. Hezroni alimkata jicho, kisha naye mabega yakaanza kumtikisika. Asheri peke yake ndiye aliyefika Bombo amenuna.

Alinuna, lakini hakunyamaza. Asubuhi iliyofuata hadi wavuna tangawizi wa bondeni walikuwa wanajua. Wiki mbili tatu Hezroni hakuonekana kibarazani. Watoto waliomwita Afande walikanywa na wazazi wao, na wazazi wenyewe walipokutana naye hawakujua wamwiteje. Nyumbani alifanya kazi zote bila kuambiwa, kuni akapasua, maji akachota. Devotha hakumsema. Alimwona amekuwa mzee ghafla, na hilo halikumpa furaha aliyoitarajia.

Siku ya Mashujaa ikafika, na ukungu wake. Kiti cha mbele akawekewa Devotha. Hezroni alisimama nyuma na birika la chai. Asheri akatoa hotuba ndefu juu ya ukweli, akakiinua kile kitambulisho watu wakione, kisha akamkaribisha Mama Anderson awasimulie vita kama vilivyokuwa.

Devotha akasimama, akawaambia kama vilivyokuwa. Alisema kulikuwa na mvua. Alisema alikaa kwenye shimo na redio, akapokea ujumbe na kutuma ujumbe. Maharage hayakuwa yakiiva vizuri. Chawa walikuwapo. Adui hakumwona hata mmoja, ila mateka aliyekuwa anaumwa tumbo. Kisha vita vikaisha, wakapanda malori, wakarudi.

Akaketi. Watu walipiga makofi ya adabu. Mzee mmoja akakohoa. Priska, mwenye duka, ambaye kibaraza chake kilikuwa kimekosa wateja tangu Hezroni aache kwenda, alishindwa kujizuia.

"Samahani, mwenyekiti. Kwa nini Mzee Hezroni asitusaidie kidogo? Yeye anavijua vizuri zaidi."

Watu wakaguna kwa kukubali. Hezroni aliweka birika chini, akamtazama mkewe. Alikuwa na uso wa mtoto anayeomba ruhusa.

"Waambie," alisema Devotha.

Akawaambia. Mwanzoni aliyumba kidogo, kila alipotaka kusema "mimi" akajirudi, akasema "yeye". Kisha akashika mwendo. Devotha akaingia mtoni, bunduki mdomoni, redio kichwani, risasi zinamnyeshea. Mamba akajitokeza. Devotha akamkanyaga kichwa. Wanawake walipiga vigelegele. Asheri, aliyekuwa amehutubia ukweli muda si mrefu, alikuwa amesogea mbele kabisa, mdomo wazi.

"Sijui kuogelea," alisema Devotha kwa sauti.

Uwanja mzima ukacheka kwa mapenzi. Tazama unyenyekevu wake! Shujaa wa kweli hajisifu. Na nani angebisha, wakati kitambulisho kile pale mezani, kina picha na mhuri?

Devotha akaacha kubisha. Alibaki akisikiliza vita vyake visivyokuwa vyake, na ndani ya moyo akisubiri, kama alivyokuwa akisubiri miaka yote majirani walipomletea habari za kibarazani. Kulikuwa na kijana mmoja wa Lembeni, Elibariki, opereta wa kituo kingine, ambaye kinyume cha amri alimsalimia redioni kila asubuhi kwa Chasu, lugha ya Wapare, ili wasisahau kwao. Hawakuwahi kuonana. Asubuhi moja Devotha aliita, akaita, akaita mpaka wenzake wakamvua vidude vya masikioni. Hayo alimsimulia Hezroni mara moja tu.

Hezroni akafika kwenye mizinga, akafika kwenye ushindi, akafika kwenye malori yaliyopokewa kwa matawi. Habari ya Elibariki hakuigusa. Katika Jumapili zote zile, pamoja na kiu yake yote ya habari, hakuwahi kuigusa.

Makofi yalipolia, Devotha aliinuka kwenye kiti chake cha mbele, akaenda nyuma kumpokea mumewe, akammiminia chai.

"Mamba umezidisha," alimwambia.

"Walikuwa wamezoea mamba," alisema Hezroni, akaipuliza chai yake.