Pilau ya Mama Mkwe Kwenye Trela la Kambi

Hii aibu nilipanga kufa nayo, ila kwa kuwa mke wangu Zuhura ameshaanza kuisimulia kwenye vikao vya harusi, na anaitia chumvi, bora mnisikie mwenyewe mnicheke mara moja yaishe.

Nilikuwa nimenunua gari la umeme, jipya kwangu (limetumika Japani, lakini nani aliuliza), na mama mkwe alikuwa hajanikubali tangu siku ya posa. Nikasema leo atanijua. Nikaazima trela la kupigia kambi, kile kijumba cha magurudumu chenye kitanda, jiko na dirisha pana, nikalifunga nyuma ya gari, tukapakia sufuria la pilau aliyopika mama mwenyewe, tukalale ufukweni Kigamboni kama watu wenye nafasi zao.

Sasa, kutoka Buguruni kwenda Kigamboni hupiti Kariakoo. Mimi nikapita. Nilitaka wenzangu wa dukani wanione, basi (Zuhura alipouliza nikamwambia nakwepa foleni, eti nakwepa foleni Kariakoo).

Chaji ilisoma nusu, na siku zote nusu inanitosha kwenda na kurudi, ila siku zote huwa sivuti nyumba, na kiyoyozi nilikiwasha mpaka mwisho mama asitoke jasho. Tukanasa katikati ya machinga, kurudi nyuma siwezi maana nikikata usukani kushoto trela linakwenda kulia, na kila mpita njia ananielekeza lake. Chaji ikaisha, gari likazima bila hata kukohoa.

Joto likatuingia. Mama akahamia kwenye trela, akafungua dirisha apate hewa, akafunua na sufuria pilau isichache. Mimi nikaenda kutafuta lori la kutuvuta.

Narudi na lori nakuta watu wamepanga mstari dirishani. Mpagazi mmoja alikuwa amenusa pilau, akamwona mama na kanga yake, akauliza, "Mama, sahani bei gani?" Na mama akampakulia.

Nilitamani ardhi inimeze. Mjane wa shehe, anayeheshimika Buguruni nzima, nimemgeuza mama lishe wa barabarani. Nikaanza kuwatawanya wateja.

"Waache wale," akasema mama, mwiko mkononi. "Na wewe sogea, unawazibia wenzio."

Sufuria lilipokwisha, nikainama pale dirishani. "Nisamehe mama, nimekudhalilisha."

Akafunika sufuria tupu. "Hujanidhalilisha, baba. Tangu marehemu aondoke, leo ndio nimesikia mtu akiniambia chakula changu kitamu."

Jamani, nimekula kwake kila Ijumaa tangu nioe. Nikaenda kusimama na dereva wa lori.

Kuvuta trela kwa umeme sirudii, nimeapa. Na Ijumaa hizi, hata tonge halijafika kooni, nishasifia, mpaka Zuhura ananikanyaga mguu chini ya meza.