Kimono Nilichokifua

Kosa langu nalitaja mapema, nimechoka kuzungukazunguka: nilifua nguo ambayo haikupaswa kuguswa na maji.

Huku Marekani, Louisville nilifunga maboksi ghalani mpaka mgongo ukagoma. Columbus, kule Linden, nikahudumia wazee wa watu. Hapa Buffalo nimebaki na cherehani, na nguo kuukuu za Kijapani ambazo watu huniletea zikiwa zimechanika au zimeliwa na wadudu. Nakata palipo pazima, natoa mikoba na vipochi. Pabovu natupa. Laiti na huu mwili ungekatwa hivyo.

Mama mmoja Mjapani, mkubwa kwangu, aliniletea kimono cha marehemu mama yake. Hariri ya zambarau, mikono imeraruka, kola ina doa la mafuta ya nywele. Alikuwa amekifunga kwenye mfuko wa plastiki, akaubana kabisa. Alitaka mkoba mdogo, na ile kola iwe ndani, kwenye bitana, ili aweze kuigusa. Akanisihi nisibadilishe kitu, maana hakubakiwa na kingine cha mama yake.

Bon, mimi nikadhani anasema habari ya mishono. Kwetu Uvira, Kongo, nguo za marehemu hazigawanywi kabla ya kufuliwa. Matanga yakiisha, wanawake wa ukoo wanakaa na mabeseni, wanafua kila kitu, ndipo kila mtu anapewa chake. Kuiacha nguo ya mama wa mtu na doa ni kumdharau. Basi nikakifua kwa heshima zote, kwa mkono, maji baridi, sabuni kidogo, huku naimba. Doa likatoka. Nikajisifu, mjinga mimi.

Siku ya kuchukua mkoba, aliufungua akaingiza uso ndani. Akanusa. Akanusa tena, kwa muda mrefu. Nikamuuliza kama bitana imekaa vibaya.

"Kola ilikuwa na harufu yake," akasema. "Harufu ya mama."

Niliona aibu. Nikamwomba radhi, nikamweleza desturi yetu kwa Kiingereza changu cha kuungaunga. Hakugomba. Afadhali angegomba, ningejua pa kujishika. Aliketi tu kwenye kiti cha wateja, mkoba mapajani, akauliza kama na nguo za marehemu mama yangu tulizifua.

Nikamwambia ndiyo. Mdogo wangu alinitumia kikwembe chake kimoja, kitenge cha kujifunga, kikanifikia kimefuliwa, kimepigwa pasi, kinanukia sabuni. Nilifurahi siku ile kwamba kimetunzwa vizuri.

Akatikisa kichwa polepole. Hakuwa na hasira, nadhani alitaka kujua tu.

"Na yeye alikuwa ananukia nini?"

Moshi, nilitaka kumjibu, na ndagala, wale dagaa wa ziwani. Lakini kila mama wa mtaa wetu alinukia moshi na ndagala. Harufu ya wangu nikaitafuta, nikaitafuta, sikuipata.