Mwalimu Shanga na Damu ya Ukoo

Wanafunzi walimpachika jina la Mwalimu Shanga, naye akalipokea. Mfukoni mwa koti lake hamkukosa uzi na shanga. Akitunga nyeupe tupu, husema, "Huu ni wanga: sukari imeshikana na sukari, basi." Kisha huchanganya rangi. "Hii sasa ni protini. Kila ushanga ni asidi amino. Ukivuruga mpangilio, umevuruga kazi." Hata wasinziaji wa nyuma walielewa.

Nyumbani mambo yalikuwa mazito. Bintiye aliugua selimundu, ugonjwa wa damu, na mama yake mwalimu alikwisha kukata shauri: ugonjwa umeletwa na mkamwana, basi arudi kwao. Jumapili moja aliwaita mashangazi sebuleni. Chumbani, mke wa mwalimu alikuwa akikunja nguo.

"Kwetu damu ni safi," mama akasema. "Tulikwambia uchague kwa akili, ukachagua kwa macho."

Mwalimu hakuwahi kumpandishia mama yake sauti, wala siku hiyo hakumpandishia. Alitoa uzi.

"Haya! Nimekusomesha ili utunge shanga kama bibi harusi?"

Mashangazi wakaangua kicheko. Yeye akatunga tu, na alipofika ushanga wa sita akatia mwekundu mahali pa bluu.

"Protini inayobeba oksijeni kwenye damu huanza hivi, mama. Huu wa bluu hupenda maji. Mwekundu huyakimbia, hutafuta wenzake wa kung'ang'ania. Protini zikigandamana, chembe ya damu hujipinda kama mundu, mtoto akalia mifupa. Ushanga mmoja tu."

"Na nani kautia?"

"Wawili. Maelekezo ya kuutunga hutoka kwa baba na kwa mama. Kosa likitoka upande mmoja tu, mtoto haugui hivi. Mke wangu ametoa lake, nami nimetoa langu. Na langu sikuliokota njiani."

Mama alikuwa mjane aliyelinda jina la ukoo kuliko dhahabu, na maneno yale yalimwingia. Kesho yake alivaa gauni lake la heshima, akaenda maabara kupimwa damu. Majibu yalipotoka, aliwaita tena mashangazi walewale.

"Limetoka kwangu," akawaambia, kichwa juu. "Anayetaka kumfukuza mtu, aanze na mimi."

Mama akageukia mlango wa chumbani, ambako nguo za mkwewe zilikuwa bado sandukuni.

"Mkwe wangu, niletee mjukuu wangu nimpakate. Na hizo nguo, mwanangu, zirudishe kabatini."