Pongo Katika Maharage Yangu

Mimi ni mtu wa miguu kuwasha. Nikiwa binti kule Kanoni, mama akinikalisha nichambue kahawa, nilikuwa nimeshasimama kabla ungo haujajaa. Mume wangu alinizoea hivyo hivyo. Alipofariki hali ikazidi: naamka alfajiri bila sababu, nazunguka kibanja, nashika mgomba huu, nauacha, naenda mwingine.

Msimu ule wa vuli nilikuwa na sababu. Baba mkwe alikuwa amenipa kipande cha shamba bondeni, nje ya kibanja, huku Rugu nilikoolewa, pale migomba inapoishia na vichaka vinapoanza. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, alikitaka apande mikaratusi. Alisema mbele ya baba yake, bila kunitazama, kwamba mjane hawezi shamba la mbali. Nijaribiwe msimu mmoja, maharage yakinishinda kipande kirudi kwake. Baba mkwe hakukataa. Bila kipande kile, mimi na wanangu tungebaki na migomba ya nyuma ya nyumba tu, na hiyo ilikuwa imeshapigwa na mnyauko.

Maharage yaliota vizuri mpaka nikaona aibu kufurahi. Halafu asubuhi moja nikakuta mistari ya upande wa kichakani imekatwa vichwa, majani laini yote hayapo, na alama za kwato ndogo udongoni. Pongo. Nililia, na yalikuwa machozi ya hasira.

Nikasimamisha sanamu, nikaivika koti la marehemu. Ilifaa kwa siku chache, kisha nikakuta pongo amejisaidia hapo hapo chini ya koti. Jirani akaniletea waya wa kutegea, nikamrudishia. Kutega ni kujitafutia askari wa hifadhi, na tena pongo ni muziro, yaani mnyama mwiko, wa ukoo wa mume wangu. Hawamli, hawamuui, hawamtupii hata bonge la udongo, na sufuria iliyopika nyama yake haikanyagi katika mji wao. Sisi kwetu muziro ni kamongo, samaki ambaye milima hii hajawahi kuiona. Mwanamke akiolewa anauheshimu muziro wa mumewe jikoni, lakini anabaki na wa kwao. Watoto ndio wanaorithi wa baba.

Basi nikajenga kibanda cha nyasi, nikakaa kulinda. Kukaa, mimi! Nilikaa asubuhi nzima nikisaga meno, pongo haonekani. Nikienda nyumbani kuwapikia watoto ndizi, nikirudi nakuta ameshakula. Ilinichukua muda kuelewa kwamba alikuwa mle kichakani wakati wote, amelala, akinilinda mimi kuliko nilivyomlinda yeye. Nikiwa kibandani alijua nilipo, akasubiri. Nikiinuka na sufuria yangu, alijua sirudi karibuni. Wanawake waliopita njiani na ndoo za maji wakipiga soga hawakumsumbua. Aliinua kichwa, akawatazama, akaendelea kutafuna. Kilichomshinda ni mtu asiyejulikana anakuja saa ngapi na anatokea wapi.

Na mtu huyo ndiye mimi kwa kuzaliwa. Nikakiacha kibanda. Nikawa naenda shambani na jembe, narudi, nageuka njiani, natokea upande mwingine kupitia kichakani, nachuma kuni ambazo sizihitaji. Siku nyingine nilifika mlangoni kwangu, nikarudi tena bondeni kabla ya kutua mzigo. Majirani walisema msiba umenipanda kichwani. Waseme. Pongo naye akakosa raha kama mimi. Nilimsikia akibweka mle ndani kama mbwa aliyefungiwa nje, na maharage yakatoa maua.

Hapo ndipo habari ikafika kwamba dada yangu amejifungua kule Nkwenda, upande wa Kyerwa, na hana mtu wa kumpikia. Ilibidi niende. Lakini nani abaki shambani? Watoto walikuwa shuleni. Mkamwana hamtumi baba mkwe wake kazi, kwa hiyo nilipiga magoti nikazunguka na maneno, dada hivi, maharage vile, mpaka akalisema mwenyewe.

"Nenda, mkamwana. Mimi nitakaa pale na redio yangu."

Nilifurahia hata hiyo redio. Nilijiambia, mtu mzima na kelele juu yake, pongo atathubutu vipi?

Nkwenda sikutulia. Dada alilalamika kwamba naosha vikombe vilivyo safi. Nilipopata wa kunipokea jikoni niliondoka, na niliposhuka kwenye pikipiki nilikwenda moja kwa moja bondeni, mzigo ukiwa bado kichwani.

Baba mkwe alikuwa juu ya kigoda, redio inaongea polepole. Hatua chache mbele yake, katikati ya maharage yangu, alisimama pongo jike, mwekundu, mwenye madoa meupe, anatafuna maua. Alikuwa amempa mzee mgongo. Nikatupa mzigo, nikakimbia napiga kelele na kurusha mabonge ya udongo mpaka akarukia kichakani. Nusu ya shamba ilikuwa vijiti vitupu.

"Shikamoo, tata," nikasema. Ilinitoka kwa mazoea.

"Marahaba. Umerudi mapema."

"Tata, anakula mbele yako!"

"Namwona. Hata jana alikuja. Nikamwambia aondoke, hakutaka."

"Ulimwambia?"

"Ulitaka nimpige engabi kwa jiwe? Mimi?"

Engabi ndiye pongo kwa lugha yetu. Nilikuwa nimemweka mtu alinde shamba dhidi ya muziro wake mwenyewe, na muziro huo naujua tangu siku ya kwanza ya ndoa. Baba mkwe hafokewi. Niligeuka nikayafokea maharage.

Jioni ile shemeji alikuja. Sijui nani alimwambia. Alitembea kwenye mistari, akageuza kijiti kimoja kwa kidole cha mguu.

"Nilisema mimi. Shemeji, pole, lakini wiki ijayo naleta miche."

Baba mkwe akazima redio.

"Mikaratusi tunaila? Hapa nataka maharage. Njoo kesho basi, uyalinde yaliyobaki. Engabi akija, umfukuze."

Shemeji alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Tata, unajua siwezi."

"Mimi pia siwezi, umeona mwenyewe. Wajukuu zangu hawawezi." Akaninyooshea fimbo. "Huyu anaweza. Huyu si wa kwetu. Shamba abaki nalo."

Shemeji aliondoka bila kuaga. Kipande kikawa changu, na mpaka leo nakilima. Nilifurahi, sitaficha. Lakini lile neno, si wa kwetu, halikuniacha. Nilikuwa nimemzika mwanawe, nimempikia miaka yote hiyo, na hata watoto niliowazaa mwenyewe walikuwa upande wao na wa pongo. Nikapiga magoti, nikamshukuru baba mkwe kwa mikono miwili, kisha nikainuka haraka nikazunguka upande wa kichakani, asinione nalia.