Nilivyoiogopa Sehemu ya Pili

Sehemu ya pili ya sinema ninayoipenda kuliko zote niliingoja miaka mitatu. Siku nilipoiona imening'inia kwenye duka la diski pale Kasulu mjini, niliogopa badala ya kufurahi. Nitaeleza kwa nini, ingawa ni aibu yangu na sina wa kumsingizia.

Mwaka 2012 nilikuwa mwalimu wa fizikia katika sekondari moja ya kata, si mbali na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Mimi ni mtu wa Singida. Serikali ilinipangia huko, Kiha sikukijua, na wikiendi zilikuwa haziishi. Kilichoniokoa ni banda la video la pale senta, lenye kuta za udongo, mabenchi ya mbao na mablanketi madirishani ya kuzuia jua. Mwenye banda alikuwa mzee mmoja wa Kiha, mpole, aliyeamini kwamba mwalimu anajua lugha zote za dunia. Kwa hiyo alipoletewa sinema ya vyombo vya angani kutoka soko la Mabamba, kule mpakani na Burundi, alinikabidhi maiki ili niwatafsirie watu.

Nilikubali kwa mbwembwe. Dakika ya kwanza tu nikagundua kwamba diski ile imetiwa sauti za Kifaransa, na Kifaransa changu kinaanzia na kuishia kwenye bonjuu. Lakini banda lilishajaa, jenereta inanguruma, maiki ninayo mkononi. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Nikaanza kutunga.

Picha zenyewe zilijieleza vya kutosha. Dunia inakauka. Kijana rubani anapewa chombo akatafute sayari nyingine, na mama yake anabaki kwenye nyumba iliyozungukwa na vumbi. Vumbi lile nililijua, maana Singida tunalo. Niliipenda sinema ile kwa moyo wote, hata kasi ya mwanga niliieleza kwa mfano wa pikipiki itokayo Kasulu kwenda Kibondo. Mwishoni sura ya mama inatokea kwenye kioo cha chombo, kijana anamwambia maneno machache, kisha kioo kinazimika. Mimi nikatia maneno yangu: "Mama, ningoje. Nitarudi."

Nikajiona fundi.

Mlangoni siku ile alisimama mama mmoja Mkongomani wa kambini, ambaye siku za soko alikuwa akipata kibali cha kutoka na kuja kuuza maandazi. Watu walipokwisha kutoka, alinifungia andazi moja kwenye kipande cha gazeti, akaniuliza, "Mwalimu, ule mutoto amesema atarudi?"

"Amesema, mama," nikamjibu.

Baadaye mzee mwenye banda aliniambia habari zake. Walipokuwa wakikimbia vita huko kwao, alipotezana na mwanawe wa kiume njiani. Kijana huyo alikuwa na umri wa kama wanafunzi wangu wa kidato cha nne, na mpaka siku hiyo hakuna aliyejua kama yu hai au amekufa.

Watu waliipenda sinema ile, ikawa inarudiwa karibu kila Jumamosi ya soko, mchana. Mama hakuwa akiitazama yote. Alikuwa anauza maandazi yake, na ikikaribia kwisha anasimama mlangoni huku akijifuta mikono kwenye kitenge. Nikishasema "Nitarudi", anarudi kwenye beseni lake. Andazi langu sikulikosa hata siku moja.

Mwaka uliofuata nilikwenda Kibondo kumtembelea daktari mmoja rafiki yangu, naye mgeni wa huko kama mimi. Alikuwa na sinema ileile kwenye kompyuta yake, kwa Kiingereza. Nilifurahi kama mtoto mpaka tulipofika mwisho. Kijana alimtazama mama yake kwenye kioo akasema, "Usiningoje, mama. Mimi sitarudi." Nilirudisha nyuma mara tatu. Rafiki yangu aliniuliza kama naumwa.

Jumamosi iliyofuata ningeweza kusema kweli. Nilishika maiki, nikamwona mama amesimama mlangoni, nikasema yaleyale ya siku zote. Tangu hapo uongo wangu haukuwa tena wa mtu asiyejua, na nilianza kuogopa. Kila mgeni aliyeingia bandani nilimchunguza kama huenda ameiona sinema ile kwa Kiingereza. Nilipokuwa darasani naandika kanuni ubaoni, ghafla namkumbuka mama yule na chaki inasimama.

Ndipo mwaka 2015 zikaja habari kwamba sehemu ya pili imetoka. Mwaka huo magari yalipita barabarani yakileta wakimbizi wapya kutoka Burundi, na mama aliyaangalia yote, kana kwamba na mtu wa Kongo angeweza kushuka humo. Mzee mwenye banda aliniagiza, "Mwalimu, ukienda Kasulu utuletee. Watu wananisumbua."

Basi nikaikuta dukani. Kwenye jalada waliandika kwa herufi nyekundu kwamba imetafsiriwa kwa Kiswahili na DJ wa Dar es Salaam. Nikajua nimekwisha. Sehemu za pili tunazijua zinavyoanza: kwanza wanakukumbusha ya kwanza ilipoishia.

Njiani kurudi nilikaa na ile diski mapajani. Ningeweza kusema sikuipata. Ningeweza kuikwaruza kwa ufunguo, na hata ufunguo niliutoa mfukoni. Sikuikwaruza, na naomba msinipe sifa ya uaminifu, maana sababu yake haikuwa uaminifu. Nilitaka kuiona. Nilitaka kujua kama sayari ile ina maji, na chombo kile kilitua wapi. Kwa hamu hiyo nilikuwa tayari mama wa watu avunjike moyo, na nilipolitambua hilo nilijichukia mwenyewe.

Jumamosi banda lilifurika mpaka nje. Mama alimwachia mwenzake beseni, akaingia ndani kwa mara ya kwanza, akaketi benchi la mbele kabisa. Mimi nilisimama nyuma, mikono mitupu. Maiki haikuhitajika tena.

Kioo cha chombo kikatokea. Sura ya mama ikatokea. DJ wa Dar, kwa sauti ya kunguruma, akasema, "Maza, usinisubiri. Mimi ndo nimeondoka, sirudi."

Kisha kijana mmoja akageuka akacheka, "Ticha, kumbe ulikuwa unatupiga fiksi!" Banda zima likaangua kicheko. Sikumjali hata mmoja. Nilikitazama kilemba cha yule mama, nikingoja kitikisike, na hakikutikisika. Nikatoka nje, nikakaa kwenye gogo karibu na beseni la maandazi, nikasikiliza milio ya vyombo vya angani kupitia ukuta wa udongo. Sayari niliyoingoja miaka mitatu sikuiona.

Sinema ilipokwisha, mama alitoka wa kwanza. Nikainuka.

"Mama, nisamehe. Nilikudanganya."

Alinitazama bila haraka. "Mwalimu, miye nilisomaka ku Kifaransa. Siku ya kwanza kabisa nilisikia mutoto anasema 'usiningoje'. Kisha nikasikia weye unasema 'ningoje'. Nikajua huyu mwalimu hasikii kitu."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungeacha kusema." Alilivuta beseni, akaketi. "Kwa Kifaransa naweza kusema labda sikusikia muzuri. Leo ule bwana amesema kwa Kiswahili, na batu wote wamesikia."

Nilisimama tu juani nikiona haya mbele ya mama muuza maandazi, ambaye kwa miaka mitatu alinisahihisha kimoyomoyo na kunipa maksi zote.

Mwisho nikauliza, maana nilikuwa bado shabiki, na woga haujanitoka. "Na huku mwishoni imekuwaje, mama? Alirudi?"

Alichagua andazi, akalifunga kwenye kipande cha gazeti, akazikunja pembe zake vizuri. Kijana mmoja aliyekuwa akitoka bandani alisikia swali langu, akafungua mdomo. Mama akamwangalia, naye akaufunga akapita zake.

"Amerudi," mama akasema, akaniwekea andazi mkononi.

Diski ile mzee mwenye banda aliniachia nibaki nayo. Nimehama Kasulu, nimebadilisha deki mara mbili, na marafiki wameniuliza mara nyingi mwisho wake ukoje. Huwa nawaambia alirudi. Mpaka leo sijaitazama.